Filamu Zinazotokana na Misiba ya Kweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa watu wachache wanaoandaa maonyesho ya filamu mjini Arusha, katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki na projekta moja. Kila tunapoonyesha filamu iliyotokana na msiba uliotokea kweli, watu hubaki vitini baada ya taa kuwashwa. Wengine huuliza palepale, na wengine husubiri wiki nzima ndipo wapige simu. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi. Mifano mingi imetoka Rwanda na Kenya, kwa kuwa hiyo ni misiba ya majirani zetu, na baadhi ya wenye misiba hiyo wamekaa katika viti vyetu.

Kwa nini filamu ya kisa cha kweli inaniumiza kuliko ya kubuni, hata pale ya kubuni inapokuwa na damu nyingi zaidi?

Mtoto akiogopa picha inayoonyeshwa, mzazi humwambia, "Hiyo ni sinema tu, hao wanaigiza." Maneno hayo ndiyo kinga ya kwanza tunayopewa maishani dhidi ya hadithi za kutisha, na hata tukiwa watu wazima tunaendelea kujikinga nayo bila kuyatamka. Filamu ya msiba wa kweli hutunyang'anya kinga hiyo mapema, mara nyingi kabla ya tukio la kwanza, kwa maandishi machache yanayotaja mahali na mwaka. Tangu hapo mtazamaji hutazama kwa akili mbili. Moja inajua kwamba yule ni mwigizaji ambaye jioni alivua mavazi ya kuigizia akaenda kula chakula chake, na nyingine inajua kwamba alikuwepo mtu aliyesimama katika hali ileile na hakurudi nyumbani.

Kuna sababu ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi: tunaujua mwisho. Katika hadithi ya kubuni sisi na wahusika tunatumaini pamoja. Katika kisa cha kweli wao wanatumaini, nasi tunajua. Ndiyo maana watu wengi hawalii panga linapoinuliwa bali hulia mapema zaidi, pale mama anapokunja nguo za watoto na kuzipanga sandukuni kwa safari ambayo haitakuwepo, au mtoto anapouliza shule itafunguliwa lini. Nimeketi pembeni ya ukumbi mara nyingi nikitazama nyuso badala ya skrini, na kwikwi ya kwanza karibu siku zote hutokea katika tukio ambalo hakuna mtu anayeumizwa.

Mbona mimi sikulia hata kidogo? Je, nina moyo mgumu?

La. Kuna watu ambao huzuni huwaganda kwanza, wakatoka ukumbini wakizungumza habari za daladala na mvua, kisha siku ya tatu wanaosha vyombo ikawashika. Wengine hawalii kamwe, lakini wanabaki wakifikiri kwa muda mrefu. Katika misiba yetu pia yupo anayelia kwa sauti na yupo anayepasua kuni kimya nyuma ya nyumba, na hakuna anayemhesabia huyu wa pili kuwa hakumpenda marehemu.

Kwa nini filamu za Rwanda hutajwa sana kila jambo hili linapozungumzwa hapa kwetu?

Kwa sababu msiba ule ulipita mlangoni kwetu. Ndege iliyodunguliwa ikikaribia kutua Kigali jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ikiwa na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa inatoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa kanda. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyofuata yalidumu siku zipatazo 100. Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi ulitaja watu wapatao 800,000 waliouawa, na serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Maiti zilizotupwa mtoni zilisombwa na maji ya Kagera hadi Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa upande wa Uganda walizitoa majini na kuzizika.

Kisha ikaja mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa Novemba 1994, makao yake yakawa hapa Arusha, na ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015 baada ya kuwafungulia mashtaka watu 93. Kwa miaka yote hiyo mashahidi, mawakili na wakalimani walikuwa wakipita katika mitaa yetu, wakilala katika nyumba za wageni zetu na kununua maji katika maduka yetu. Mtazamaji wa Arusha anapoona filamu ya Rwanda, anaona jambo ambalo lilikuwa likisikilizwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka anapouzia nyanya. Hali hiyo hubadilisha kilio chake, nacho huwa na kitu kama aibu ya jirani.

Ni filamu ipi katika hizo inayoumiza zaidi?

Hakuna mizani ya jambo hili, lakini naweza kusema ninachokiona ukumbini.

Filamu ya "Hotel Rwanda" ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Terry George na kupigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, ndiyo inayojulikana na wengi. Tukio linalowashika watu ni la barabara yenye ukungu. Gari linatembea alfajiri, linaanza kurukaruka, na walio ndani wanadhani wameacha njia. Msafiri anafungua mlango, anateremka, anaanguka, na ukungu unapoachana kidogo anaona kwamba kilichokuwa chini ya magurudumu ni watu, barabara nzima, hadi macho yanapoishia. Muuaji haonekani. Watu ukumbini hushika midomo. Namkumbuka mama mmoja aliyeinua miguu yake kutoka sakafuni akaikunja juu ya kiti, akaikalia vile hadi mwisho.

"Shooting Dogs" ya mwaka 2005 huumiza kwa namna nyingine, nayo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote ninapopanga ratiba. Inasimulia yaliyotokea katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, mjini Kigali, ambako watu wapatao 2,000 walikimbilia wakilindwa na askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wale waliondoka. Wauaji walikuwa nje ya uzio wakisubiri. Filamu ilipigwa palepale shuleni, na miongoni mwa waliofanya kazi ya kuitengeneza walikuwemo manusura. Mwisho wa filamu, pale ambapo watu huanza kutafuta viatu na mikoba, wanaonekana baadhi ya manusura hao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kazi aliyoifanya katika filamu na maneno machache kuhusu ndugu aliowapoteza. Kwa saa moja na zaidi mtazamaji amejiambia kwamba wale ni waigizaji. Sasa anatazamana na mtu aliyebeba taa au kushona mavazi, naye mtu huyo amefiwa na wazazi wake na wadogo zake.

Huko ndiko ninakoona tofauti. Filamu ya kwanza hukuacha na hofu, na ya pili hukuacha na aibu ya kuwa miongoni mwa walioondoka, hata kama hukuwa umezaliwa.

Je, mtu aliyepitia msiba wenyewe atazame filamu inayousimulia?

Aamue mwenyewe, na asilazimishwe kwa upande wowote. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulio nje hatuna haki ya kumwambia manusura kwamba kutazama kutamponya, wala kwamba kutamuua.

Ninachoweza kueleza ni kile ambacho Wanyarwanda wamekipa jina. Wanakiita *ihahamuka*, neno linalobeba picha ya mtu aliyekatika pumzi kana kwamba hana mapafu. Katika wiki ya maombolezo inayoanza tarehe 7 Aprili kila mwaka, wahudumu huwekwa tayari viwanjani kwa sababu ushuhuda unapoanza kusomwa, au filamu inapoonyeshwa, wapo wanaopiga mayowe au kujaribu kukimbia wakiamini kwamba wauaji wamerudi. Kwa mtu wa namna hiyo mwaka 1994 unakuwa umeingia chumbani. Hata wakati wa kupiga filamu ile ya Kicukiro, sauti za filimbi na nyimbo za kundi la wauaji, zilizoigizwa kwa ajili ya kamera, ziliwashtua watu wa karibu waliozisikia upya.

Nasema filimbi kwa sababu kinachomrudisha mtu nyuma mara nyingi si picha. Tuliwahi kuwa na mzee mmoja aliyetazama mapanga, vizuizi vya barabarani na moto bila kutikisika. Filimbi ikalia, mara mbili, kwa mbali. Akasimama, akatoka taratibu kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Tulimkuta barazani ameshika nguzo kwa mikono miwili. Aliomba maji, akapewa, akakaa akiyashika bila kuyanywa. Tulichofanya ni kidogo: mmoja wetu alisimama karibu naye, akamtajia mahali alipo na siku yenyewe, kwamba hapa ni Arusha, leo ni Jumamosi, mlango ule unaelekea barabarani. Hatukumuuliza alikumbuka nini. Kumtaka mtu asimulie katika hali ile ni kumrudisha ndani ya moto aliokwisha kuutoka.

Nimeota ndoto mbaya kwa usiku tatu baada ya kutazama. Nimeugua?

Kwa mtu ambaye hakuupitia msiba wenyewe, usiku kadhaa wa usingizi mbaya, kushtuka kwa mlango kugongwa, au kukosa hamu ya nyama ni mambo ya kawaida, nayo hupungua siku zinavyokwenda. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unasema wazi kwamba kuona tukio kupitia televisheni au filamu peke yake hakuhesabiwi kuwa chanzo cha ugonjwa wa kiwewe, isipokuwa kwa mtu ambaye kazi yake inamlazimu kutazama picha hizo.

Hata hivyo nisingependa mtu alichukue hilo kama ruhusa ya kujipuuza. Baada ya mabomu yaliyolipuka katika mbio za Boston mwaka 2013, watafiti waligundua kwamba watu waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walieleza msongo mkali kuliko hata baadhi ya waliokuwepo eneo la mlipuko. Zile zilikuwa habari, picha zilezile zikirudiwa asubuhi hadi usiku, na filamu ina mwanzo na mwisho. Lakini siku hizi mtu anatazama filamu usiku, kisha anaingia kwenye simu kutafuta picha halisi, moja baada ya nyingine, hadi alfajiri. Hapo hatari huwa imehama kutoka kwenye filamu na kuingia kwenye kidole chake.

Kwa yule aliyewahi kuona vita, ajali kubwa au ukatili nyumbani, hesabu ni nyingine. Filamu ya "Saving Private Ryan" ilipotoka mwaka 1998, idara ya Marekani inayohudumia askari wastaafu ilifungua namba ya simu ya bure, kwa kuwa ilijulikana kwamba wazee waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo filamu hiyo inaisimulia, watatoka kwenye majumba ya sinema na mambo waliyoyanyamazia kwa miaka 50. Ikiwa wiki zinapita na usingizi haurudi, ikiwa unakwepa mahali au watu kwa sababu ya kumbukumbu, au ikiwa unawaza kujidhuru, nenda ukaonane na daktari au mshauri nasaha katika hospitali iliyo karibu. Mwambie kwamba ulianza kusumbuka baada ya filamu, bila kuona aibu. Filamu inaweza kuwa mkono uliofunua kidonda kilichokuwepo siku nyingi.

Watengenezaji wanapobadilisha ukweli, je, machozi yangu yamedanganywa?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa.

Kila filamu ya kisa cha kweli hubadilisha kitu. Watu watano hufanywa mmoja, na miezi miwili huwa siku mbili. Padri wa "Shooting Dogs" ni mhusika wa kubuni, ingawa alichochewa na Vjekoslav Ćurić, mtawa Mfransisko kutoka Bosnia ambaye hakuondoka Rwanda mwaka 1994 na aliyeuawa Kigali mwaka 1998. Mtazamaji akiambiwa hivyo baada ya filamu, kwa kawaida hatulii tu bali huguswa zaidi, maana padri wa kweli aliishi miaka minne mingine kati ya makaburi.

Mabadiliko mengine huumiza. Katika Hôtel des Mille Collines walinusurika watu 1,268, na dunia ilipoijua hoteli hiyo kupitia "Hotel Rwanda", iliijua kwa sura ya mtu mmoja, yaani meneja. Baadhi ya waliokuwa ndani ya hoteli hiyo wamepinga hadharani jinsi alivyoonyeshwa. Sitaingia katika ugomvi wao. Ninachojali hapa ni maumivu ya kipekee ya mtu aliyenusurika, anapoona dunia nzima ikilia kwa ajili ya kisa chake, lakini kikiwa kimevishwa nguo za mwingine. Ni kama kufika kwenye msiba wa mama yako ukakuta pole zote zinapokewa na jirani.

Lipo pia suala la macho ya nani yanatumika. Filamu kadhaa za msiba huu zinasimuliwa kupitia mgeni mweupe anayekuja na ambaye, isipokuwa akifa, ana ndege ya kumwondoa. Mtazamaji wetu hulia naye, kisha baadaye hukasirika kwa kugundua kwamba amejifunza jina la mgeni na hakujifunza la mwenyeji hata mmoja. Kwa sababu hiyo mimi hupendekeza watu waanze na "Sometimes in April" ya Raoul Peck, ya mwaka 2005, ambayo iliiweka familia ya Wanyarwanda katikati. Augustin ni askari Mhutu mwenye mke Mtutsi, na ndugu yake Honoré ni mtangazaji wa redio iliyochochea mauaji. Miaka 10 baadaye Augustin anakuja Arusha, ambako Honoré anashtakiwa, na katika nyumba ya wageni anazungumza na mwanamke wa chumba cha pili ambaye ni shahidi. Kinachowatenganisha ni ukuta. Watazamaji wa Arusha hunyamaza hapo kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa vyumba vya namna hiyo tulivipangisha sisi.

Najikuta nikimhurumia muuaji. Ni kosa?

Si kosa, ingawa huwasumbua watu sana. Filamu nzuri humwonyesha muuaji akiwa na mama anayemsubiri na viatu vilivyochakaa, na huruma yetu hujitokeza kabla hatujaipa ruhusa. Katika "Something Necessary" ya Judy Kibinge, ya mwaka 2013, inayohusu vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, tunamfuata Anne, muuguzi aliyepoteza mume na kuharibiwa nyumba yake ya shambani, na sambamba naye tunamfuata Joseph, kijana aliyekuwa katika kundi lililotenda maovu, ambaye dhamiri inamla. Wengi waliokuwa wameketi kwetu siku ile walikuwa na ndugu Eldoret na Nakuru. Dada mmoja alisema kwamba aliumia zaidi kumwelewa Joseph kuliko alivyoumia kumchukia, kwa sababu chuki angalau alikuwa ameizoea. Kumwelewa mtu hakumfutii hatia, na sijawahi kuona filamu nzuri iliyodai hivyo.

Je, zote ni za kukatisha tamaa?

Hapana. Yapo machozi ya wema, nayo hushangaza mwili kwa namna yake.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na wanamgambo wa Al-Shabaab karibu na El Wak, kaskazini mwa Kenya. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, katika eneo hilohilo la Mandera, abiria 28 wasio Waislamu walitengwa na wenzao wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wavamizi kwamba kama ni kuua basi wawaue wote pamoja. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016.

Kisa hicho kilifanywa filamu fupi ya dakika zipatazo 22, "Watu Wote", iliyoongozwa na Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya filamu ya Hamburg, ikaingia katika orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo za Oscar mwaka 2018. Inazungumzwa Kiswahili na Kisomali. Hilo la lugha si dogo. Filamu za Rwanda tunazitazama kwa maandishi ya tafsiri, na kusoma humpa mtu nafasi ya kupumua. Hapa neno la kutisha na neno la kumhifadhi mwenzako yote yanafika moja kwa moja, katika lugha uliyonyonyeshwa nayo. Mhusika mkuu, Jua, ni mwanamke Mkristo aliyekwisha kufiwa na mume na mtoto katika shambulio, naye anaingia basini akiwa na kinyongo ambacho hatuwezi kumlaumu nacho. Mtandio unapopita kutoka mkono hadi mkono, ukumbi wetu hulia kwa sauti, Waislamu na Wakristo, na ni mara chache sana nimeona watu wasiojuana wakishikana mikono gizani kama nilivyoona siku hiyo.

Kutazama katika kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, kwa sauti ya mtafsiri anayeisimulia filamu kwa Kiswahili, kunabadilisha maumivu?

Kunabadilisha sana. Mtafsiri hodari ni msanii, na vijana wengi walioijua Rwanda ya 1994 kwa mara ya kwanza waliijua kwa sauti yake. Lakini kazi yake imezoea filamu za mapigano, ambamo kila ukimya hujazwa kwa utani na kila mhusika hupewa jina la mtaani. Filamu ya msiba inakaa ndani ya ukimya ule. Mtafsiri akicheka kwenye barabara ya ukungu, kibanda kizima kitacheka, na nimemwona kijana akiondoka akisimulia tukio lile kama la kusisimua. Simlaumu kijana. Mtafsiri anayejua kunyamaza kwa dakika moja tu anaweza kuwafanyia watazamaji wake jambo ambalo mhadhara wa saa nzima hautaliweza.

Watoto waruhusiwe?

Wadogo wasiruhusiwe. Kwa walio sekondari inategemea, na mzazi atazame kwanza peke yake. Mtoto husumbuliwa na maswali kuliko picha: kwa nini hakuna aliyekuja, kwa nini jirani alimgeuka jirani, na je, sisi tunaweza kufanyiwa hivyo? Kama huna nafasi ya kukaa naye jioni hiyo na kesho yake, ahirisha.

Tunataka kuonyesha filamu ya namna hii mtaani au kanisani. Tujiandae vipi?

Waambieni watu mapema filamu inahusu nini na ina sauti gani, zikiwemo filimbi na mayowe, badala ya kuweka tangazo lenye picha ya kuvutia tu. Acheni mlango mmoja wazi na taa ndogo ya njia, ili anayetaka kutoka asikanyage miguu ya watu wala kuonekana ametoroka. Mtu mmoja mtulivu akae karibu na mlango, na kazi yake iwe hiyo tu. Punguzeni sauti ya spika kuliko mlivyozoea. Ulizeni kwanza kama mtaani kwenu kuna wenye msiba huo, na kama wapo, nendeni kwao kabla ya kubandika tangazo, mkawaulize kama ni sawa na kama tarehe inafaa. Sisi tuliwahi kusahau hatua hiyo, tukapanga onyesho katikati ya Aprili, na familia moja ikalijua jambo hilo kwa kuliona tangazo ukutani dukani. Tuliwaomba radhi. Walitusamehe, lakini sijasahau jinsi baba wa familia alivyokuwa akilikunja lile tangazo vipande vidogo wakati tunazungumza.

Baada ya filamu pikeni chai. Mazungumzo yasianze kwa kuuliza "mmejifunza nini?" Anzeni kwa kuuliza ni tukio gani mtu bado analiona akifumba macho.

Kilio changu kina faida gani kwa waliofiwa?

Wapo wanaosema kwamba kulia ukumbini ni anasa, kwamba tunajiona wema kwa saa mbili kisha tunakwenda kula chipsi. Hoja hiyo siidharau, lakini nimeona pia machozi yakifanya kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1979 Ujerumani Magharibi ilionyesha katika televisheni tamthilia ya Marekani kuhusu familia moja ya Kiyahudi iliyoangamizwa na Wanazi. Mamilioni waliitazama, maelfu wakapiga simu studioni, wengi wakilia, na katika nyumba nyingi watoto waliwauliza wazazi wao swali ambalo halikuwahi kuulizwa mezani. Julai ya mwaka huohuo bunge lao liliondoa ukomo wa muda wa kushtaki makosa ya mauaji. Steven Spielberg naye, baada ya filamu yake ya mwaka 1993 kuhusu Wayahudi waliookolewa na mwenye kiwanda, alianzisha mwaka 1994 taasisi ya kurekodi ushuhuda wa manusura, nayo imekusanya zaidi ya shuhuda 50,000, zikiwemo za Wanyarwanda.

Lakini mfiwa mmoja mmoja anafaidi nini? Kwetu mtu anayekwenda kuhani hamfufui marehemu. Anakwenda ili mfiwa asibaki peke yake na jina la mtu wake, na akifika, halii kwa sauti kuliko mwenye msiba. Nadhani mtazamaji wa filamu hizi ni mtu aliyekuja kuhani, tena amechelewa kwa miaka mingi, na adabu yake ni ileile.

Tulipoonyesha filamu ya Kicukiro kwa mara ya kwanza, nilizima projekta mara tu hadithi ilipoisha, kama nilivyozoea, watu wakaanza kupanga viti. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa safu ya nyuma alikuja akaniomba kwa sauti ndogo niwashe tena na nimrudishie mwisho. Nikamrudishia. Alisogea karibu kabisa na ukuta, mwanga wa projekta ukimpiga begani, akawa anasoma kila jina linalopita kwa sauti, polepole, kwa matamshi ya Kinyarwanda ambayo sisi tusingeyaweza. Waliokuwa wamebeba viti waliviweka chini, wakavikalia.